Futi au mita? Pima vizuri kabla fundi hajakata

Ukijenga au ukikarabati nyumba hapa Mombasa jua tu utapima kwa lugha mbili kwa siku moja. Ramani imekuja na milimita, mwashi yeye ni futi, mbao zauzwa kwa futi, mabati kwa mita, na misumari ni ya inchi tatu lakini wapimiwa kilo. Sasa hapo katikati ndo pesa hupotelea.

Mimi nilipoteza kwa dirisha. Mwashi aliacha nafasi ya mita 1.2 kwa mita 1.2, nami nkampigia fundi wa grili nkamwambia "nne kwa nne" kwa sababu nlishazoea kuwa mita moja na ishirini ni futi nne. Sivyo. Futi nne ni milimita 1,219, zile 19 za ziada ni kama upana wa kidole gumba, na chuma hakibonyei. Tukasimamisha fremu, haiingii, yagonga ukuta, mwashi akarudi kuchonga ukuta ambao plasta yake ishakauka, siku nzima ikaenda na vumbi kila mahali.

Kwa hivyo usibadilishe kwa kichwa. Kitu kinachouzwa kwa futi kipime kwa futi tangu mwanzo, cha mita kwa mita, tepu ina pande zote mbili. Na ukiandika namba andika na kipimo chake hapo hapo, "1200 mm", sio "1.2" peke yake. Mi siku hizi napiga picha tepu ikiwa bado iko ukutani namtumia fundi kwa WhatsApp. Ikibidi kubadilisha, tumia kikokotoo: inchi moja ni milimita 25.4 kamili, ilikubaliwa hivo kimataifa mwaka 1959. Kusema inchi nne ni sentimita kumi ni sawa kwa mazungumzo, kwa kukata hapana.

Na muwe makini na nukta. Wewe waandika 4.5 ukimaanisha inchi nne na nusu, kijana wa fundi asoma nne na mistari mitano, na kwenye tepu yenye mistari 16 kwa inchi hiyo si nusu hata kidogo. Andika "nne na nusu" kwa maneno, haichoshi.

Tepu nayo iwe moja kazi nzima. Wazee walipima kwa dhiraa, kiwiko mpaka ncha ya kidole, na mikono ya watu hailingani, ila ukitumia mkono ule ule mwanzo mpaka mwisho mambo yatakaa sawa.

Paipu ndo usipime kabisa, paipu iitwe kwa jina lake. Ile ya chuma ya "nusu inchi" ukiipima kwa nje ni karibu milimita 21, na ya PPR, ile ya plastiki, inayokaa mahali pake imeandikwa 20. Robo tatu ni 25, inchi moja ni 32. Kata kipande cha ile ya zamani wende nacho hadiwea, umalize maneno.

Halafu ploti, jamani, hapa ndo naomba watu wasikilize. Waambiwa hamsini kwa mia ni thumni ya ekari, yaani moja ya nane. Piga hesabu: 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000, thumni kamili ni 5,445. Zilizokosekana zatosha ukumbi wa futi 20 kwa 22! Hati yaandikwa kwa hekta, kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi ya deposit itazame ile namba. Thumni ni kama 0.0506. Ukiona 0.0465 hiyo ni hamsini kwa mia, basi nawe lipa bei ya hamsini kwa mia.