SOMO: Kolabo na mafundi, jinsi ya kutengeneza bidhaa zenye logo yako bila kugombana nao

Wakuu habari za saa hizi. Kuna mdau alinifata kuniuliza ile mikoba ya studio yetu tunaitoa wapi, nikamjibu kwa kifupi, akarudi na maswali mengine kumi, nikaona isiwe tabu ngoja niandike hapa wote tusome. Mimi na mwenzangu tuna studio ndogo ya picha na dizaini hapa Sinza, watu wawili na dogo mmoja wa kutusaidia siku za shughuli, kiwanda hatuna na mtaji wa kushusha kontena kutoka China hatuna. Tunachonacho ni wateja wanaotukubali na mafundi wanne: mshonaji, jamaa wa skrini (anayeprinti kwa kupitisha rangi kwenye wavu uliobanwa kwenye fremu), fundi ngozi, na mama mmoja wa Bagamoyo anayesuka ukili (ule utepe wa majani makavu wa kutengenezea vikapu). Haya yote nimeyalipia ada, kuna sehemu nilipigwa na kuna sehemu mimi ndo nilimpiga mtu bila kujua.

Hatua ya 1: Kitu kwanza, logo baadaye

Wengi tunaanza kinyume, una logo yako kali unatafuta pa kuibandika, mwisho unatoa fulana 50 ambazo watavaa ndugu zako wakiwa wanapiga deki. Jiulize hiki kitu mtu angekinunua hata kama jina lako lisingekuwepo? Sisi tulienda na mkoba wa kitambaa kwa sababu rahisi tu, tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 1, 2019 kila mtu anahitaji kitu cha kubebea na ile mifuko ya mia mbili mia tatu ya sokoni inachanika kabla hujafika kituo cha daladala. Tukachukua merikani nzito, kitambaa ambacho bibi zetu walikijua kabla yetu (jina lenyewe limetokana na Wamarekani waliokuwa wanakileta Zanzibar enzi za majahazi), ukikishona mshono wa mara mbili kwenye mikanda kinabeba unga kilo tano na mafuta juu.

Hatua ya 2: Mfate fundi alipo

Usimtafute kwa simu. Nenda ukae, angalia anavyofanya, angalia kazi za wateja wengine zilizopangwa pembeni, na cha muhimu nunua kitu kimoja kwa hela yako bila kuomba punguzo. Hicho utakaa nacho mwezi mzima ukikitumia vibaya makusudi. Ukienda Mwenge kwenye vinyago au kwa mafundi ngozi wowote utaona nani ana mikono na nani ana mdomo, na hao wawili mara nyingi ni watu tofauti.

Yule mama wa Bagamoyo nilimpata hivyo, nikakaa kwenye mkeka wake saa nzima kabla sijasema nimefata nini. Ukili anasuka huku anaongea, macho hayapo hata kwenye kazi, vidole vinapitisha miyaa juu chini juu chini na ule utepe unarefuka unajikunja miguuni kwake. Nikamwambia mama naomba vikapu ishirini, upana sentimita 40. Akanitazama. "Mwanangu, mimi napima kwa shubiri." Basi tukakubaliana shubiri mbili, mimi nikaondoka nimeridhika, mzigo ulipokuja nusu ni vipana nusu ni vyembamba. Kumbe nusu alisuka yeye nusu binti yake, na mkono wa mama na wa binti si sawa. Nimkasirikie nani? Oda iliyofata nilikata kamba mbili za urefu mmoja, moja nikamwachia yeye moja nikakaa nayo, tatizo likaisha hapo hapo kwa kamba ya shilingi mia tano.

Hatua ya 3: Jua logo yako inaingiaje kwenye kitu

Hapa ndo watu wengi wanaingia mkenge kwa hiyo nitakaa kidogo.

Skrini: kila rangi inahitaji skrini yake. Logo ya rangi tatu ni skrini tatu, na gharama ya kuandaa skrini ni ile ile uprinti kumi au mia tatu, ndo maana oda ndogo inakuwa ghali kwa kipande. Sisi tulikaa chini tukatengeneza logo yetu toleo la rangi moja, nyeusi tu, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuuliza rangi zingine zimeenda wapi.

DTF: ile inaprintiwa kwenye filamu halafu inagandishwa kwenye nguo kwa hitipresi, ile mashine ya kubana kwa joto. Nzuri kwa vipande vichache vyenye rangi nyingi, ila ukiigusa unaisikia kama plastiki juu ya nguo na mimi binafsi siipendi kwenye mkoba unaokunjwa kila siku.

Sablimesheni: hapa wino unaingizwa kwa joto ndani ya nyuzi zenyewe. Ni ya polista yenye rangi nyeupe au isiyokolea, na vikombe vilivyopakwa ile dawa yake maalumu. Mtu akikwambia anakufanyia sablimesheni kwenye pamba nyeusi, aga taratibu uondoke.

Kwenye ukili usijaribu kuprinti kabisa, ule msuko una vilima na mabonde, rangi inakaa juu ya vilima tu. Sisi tunashonea kipande kidogo cha ngozi kilichogongwa muhuri wa moto. Hapo tayari mafundi wawili wamekutana kwenye kikapu kimoja.

Halafu faili. Usitume logo kwa WhatsApp kama picha, inabanwa inapoteza ubora na fundi atachora upya kwa macho yake, utaletewa logo ya binamu yako. Tuma vekta (mchoro usiopoteza ubora hata ukikuzwa), PDF au SVG, ukiituma kama dokumenti. Na uandike ukubwa: "upana sm 18, ianze sm 9 chini ya mdomo wa mkoba". Ukisema "weka katikati tu" kila mtu ana katikati yake.

Hatua ya 4: Sampo MBILI

Naandika kwa herufi kubwa maana hili ndo somo lenyewe, mengine yote ukiyasahau shika hili. Fundi atengeneze sampo mbili zinazofanana, ulipie zote bei kamili. Zote ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika, tarehe, na saini zenu wote wawili. Moja inakaa kwake, moja kwako. Siku ya kupokea mzigo hakuna cha "mimi nilielewa vile", mnaweka sampo mezani mnalinganisha. Ile kamba ya Bagamoyo ilikuwa ni sampo ya kipimo tu.

Kabla hujasaini, itese. Ifue mara tatu kwa sabuni ya unga, ianike juani, ipige pasi. Oda yetu ya kwanza kubwa mikoba 80 sikufanya hivyo, nilikuwa nawahi shughuli ya mteja, ilikuwa Aprili masika yamekolea, jamaa wa skrini akaniambia kaka hakuna jua na rangi hii inataka muda, nikamwambia wewe panga tu nakuja na bajaji. Zikapangwa mbichi. Tulipofungua, ule weusi umehamia kwenye mgongo wa mkoba wa juu yake, mikoba 31 ikawa na logo mbele na kivuli cha logo nyuma imegeuka kama kwenye kioo. Lile kosa ni langu na nililipa mimi, siku hizi sipokei oda ya masika bila kuuliza kwanza mtu ana mashine ya kukaushia au anategemea mbingu.

Hatua ya 5: Hesabu

Nawapa za kwetu, za kwako zitakuwa zako. Kitambaa na ushonaji 6,500. Printi rangi moja 1,500. Lebo 300. Bodaboda na kufungasha, ukigawa kwa kila mkoba, 400. Jumla 8,700. Mwanzoni tukauza 12,000 tukajiona wajanja. Duka moja likakubali kutuuzia kwa mali kauli, wao wanachukua asilimia 30, yaani 3,600, sisi tunabaki na 8,400. Hasara ya mia tatu kila mkoba! Na ilikuwa inauzika vizuri, tulikuwa tunafilisika kwa furaha. Sasa hivi ni 18,000, duka likichukua 5,400 tunabaki na 12,600, faida 3,900. Tukiuza wenyewe ni 9,300. Na hapo bado hujatoa vipande vibovu, mimi huwa naagiza vitano zaidi kwa kila mia.

Bei ya fundi usiibane mpaka mwisho. Ukimkaba ile mia tano ataitafuta kwenye uzi.

Hatua ya 6: Karatasi moja

Sio lazima mwanasheria, karatasi moja ya Kiswahili inatosha, kila mtu na nakala yake. Idadi, bei, tarehe, kishika uchumba kiasi gani (sisi tunatoa nusu, nusu siku ya kukagua), vipande vibovu ni vya nani, na vitu viwili watu wanasahau: skrini ni ya nani kazi ikiisha, na jina la fundi linakaa wapi. La kwanza ni kwa sababu skrini yenye logo yako ikibaki kiholela kibandani, kesho unaweza kukutana na mikoba "yako" barabarani. La pili ni heshima tu, wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay wanasaini picha zao na mteja anaona sawa, kwa nini aliyeshona mkoba awe kivuli? Lebo yetu ina logo upande mmoja, upande wa pili jina la fundi na eneo lake. Wapo waliotuonya kwamba wateja watamfata fundi moja kwa moja. Ni kweli wawili walimfata. Sasa ana kazi zaidi, na mimi nikiwa na haraka ananipa kipaumbele.

Hatua ya 7: Kupokea mzigo

Hesabu mbele yake, kagua mbele yake, lipa siku hiyo hiyo. Basi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Shukrani sana mkuu. Mimi nina bendi ndogo, nahitaji fulana 15 tu, mafundi wa skrini wananifukuza. Nifanyeje?

Hawakufukuzi kwa ubaya, 15 haziwalipi. Njia mbili: fanya DTF kwa hizo 15, au tafuta bendi nyingine mbili mchange oda ya fulana tupu ili mpate bei ya jumla, halafu kila mmoja alipe skrini yake ya rangi moja. Na usisahau saizi, watu wanaagiza M nyingi halafu waje kina kaka wa XL wote.

Mdau wa Nairobi: Fundi wangu wa ushanga ameanza kuuzia watu wengine dizaini yetu. Nimshtaki?

Kwanza jiulize ile dizaini ni yako kweli au ulimwambia "nitengenezee kitu kizuri" akaitoa kichwani mwake? Kama kaitoa yeye na hamkuandikiana, mimi ningeenda na soda kabla ya kwenda na barua. Kubalianeni rangi fulani ni zako peke yako kwa miezi sita, umlipe kidogo juu kwa hilo. Kama mchoro ni wako na una ushahidi wa lini uliuchora, kwenu hakimiliki ni KECOBO na alama za biashara ni KIPI, kawaulize.

Mdau wa Unguja: Nilisajili jina la biashara BRELA, logo yangu si ishalindwa?

Hapana mkuu, hapa wengi wanapotea. Jina la biashara ni kitu kimoja na alama ya biashara ni kingine, inaombwa peke yake na kulipiwa peke yake, ukisajiliwa unapata miaka 7 ya kwanza halafu unahuisha kwa miaka 10. Na usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara, Zanzibar ina ofisi yake na sheria zake, kwa hiyo wewe uliyepo Unguja anza huko huko.

Mdau mwingine: Sina hela ya advansi, naweza kumlipa fundi kwa kumpigia picha za bidhaa zake?

Inawezekana na tumefanya na fundi ngozi, ila wekeni thamani ya shilingi pande zote mbili. Picha 20 ni laki mbili, pochi 10 ni laki mbili, imeandikwa. Msipoandika kila mmoja ataona yeye ndo katoa zaidi. Na malighafi ulipie keshi, ngozi hainunuliwi kwa picha.

Mdau wa Tabata: Je kama fundi kala advansi na simu hapokei?

Ilinitokea mara moja, laki na ishirini. Nilienda kibandani kwake asubuhi na mapema, nikakuta anaumwa kweli, mke wake ndo yuko pale anashona za watu wengine ambao walishatangulia. Nikampa shikamoo mzee mwenye fremu, tukakaa watatu tukapanga tarehe mpya mbele yake. Mzigo ulichelewa wiki tatu, ukaja kamili, na mkono wa yule mama ulikuwa msafi kuliko wa mumewe. Oda zangu za sasa zinaenda kwake.

Mdau wa Tabata: Na mume?

Ndo anakata vitambaa.