SOMO: Vitz, Passo, IST, Fit au Demio? Linganisha hivi kabla hujatoa hela

Wakuu, kila wiki naletewa swali lile lile: "Nina hela kidogo, nichukue Vitz au IST?" Nikimjibu mmoja leo, kesho anakuja mwingine na swali hilo hilo. Naandika mara moja, vizuri, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Somo linahusu gari ndogo za Japani zilizotumika, injini ya lita 1.0 hadi 1.5, ziwe za kuagiza au za mkononi hapa Tanzania. Msimamo wangu ni huu: ukilinganisha majina utapotea. Vitz si gari moja, na IST si gari moja. Linganisha herufi za chesisi kwanza, kisha linganisha gari yenyewe iliyosimama mbele yako.

Hatua ya 1. Andika gari itafanya nini: watu wangapi, barabara gani, mizigo gani.

Hatua ya 2. Tenga hela ya pembeni kwa ajili ya bima, uhamisho wa umiliki, oili, matairi na betri. Usimalizie yote kwenye bei ya gari.

Hatua ya 3. Soma herufi za chesisi. Fungua boneti, utaona kibati chenye modeli. Kwa Toyota, herufi ya kwanza inakutajia familia ya injini. Vitz SCP10 ni ile ya duara ya zamani, 1.0 pistoni nne. KSP90 ni toleo la 2005 hadi 2010, 996cc, pistoni tatu. SCP90 ni umbo hilo hilo lakini 1.3. NCP91 ni 1.5. Hizo zote dalali anaziita "Vitz".

IST ya kwanza ni NCP60 (1.3) na NCP61 (1.5), zote gia za kawaida nne za otomatiki. NCP110, ile "IST new model", ni 1.5 ya CVT (otomatiki isiyo na ngazi za gia). Passo KGC10 ni 1.0 na QNC10 ni 1.3. Honda Fit ya 1.3 ni GD1 au GE6. Mazda Demio ya 1.3 ni DY3W kisha DE3FS.

Passo KGC10 na Vitz KSP90 zina injini moja, 1KR-FE. Wanaobishana ipi kati ya hizo inakula mafuta kidogo wanapoteza muda; tofauti utakayoiona inatoka kwenye mguu wako, foleni yako na matunzo ya mwenye gari.

Hatua ya 4. Kodi, kwa wanaoagiza. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika mtandaoni. Weka modeli, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini kabla hujalipa hata senti. Wanakadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao, kwa hiyo kupata gari kwa bei ya kutupa kule Japani hakumaanishi kodi itashuka. Injini isiyozidi 1000cc haina ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini. Ukivuka hapo hadi 2000cc ni asilimia 5. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: miaka 8 hadi 10 una kiwango chake, na zaidi ya miaka 10 unapanda tena. Ndiyo maana gari ya zamani inayoonekana rahisi inakuja kusumbua bandarini. Viwango huguswa kwenye bajeti ya kila mwaka, hivyo kikokotoo ndicho cha kuamini, si mimi.

Hatua ya 5. Ulizia spea kabla ya gari. Nenda Gerezani pale Kariakoo, au piga simu maduka mawili, uulize bei ya vitu vinne kwa herufi zako za chesisi: shokapu za mbele, bushi, taa ya mbele na sait mira. Injini za NZ (zile za herufi N kwenye chesisi) ziko kwenye IST, Probox, Raum, Funcargo, bB na Ractis, kwa hiyo hata ukiharibikiwa Singida hukosi kitu. Ukiwa na Demio au Nissan March, spea zipo, ila mkoani unaweza kusubiri basi lilete kutoka Dar.

Hatua ya 6. Ikute gari ikiwa imelala. Hii ndiyo niliyoiruka kwenye gari yangu ya kwanza, na gia boksi haikumaliza mwaka. Isome mara mbili.

Mwambie muuzaji tangu jana yake kwamba usiiwashe mpaka nifike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ina joto, ahirisha. Gari iliyokwisha kupashwa inaficha mengi: mlio wa cheni, moshi wa mwanzo, uzito wa kuwaka. Ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta. NARUDIA, IKIWA YA BARIDI TU, vinginevyo utaungua uso. Ukikuta maji ya rangi ya kutu, gari imekuwa ikinyweshwa maji ya bomba badala ya kulanti. Ukikuta utando kama maziwa chini ya mfuniko wa oili, ondoka. Washa, umpe mtu mwingine akanyage mafuta, wewe simama nyuma: moshi wa bluu maana yake injini inakula oili.

Angalia pia taa ndogo ya bluu kwenye dashibodi. Gari nyingi kati ya hizi hazina geji ya joto, zina taa ya bluu inayomaanisha injini bado baridi, na nyekundu inayomaanisha inachemka. Bluu inatakiwa izime baada ya dakika chache za kuendesha. Ikiendelea kuwaka safari nzima, mara nyingi fundi ametoa thamostati "ili isichemshe". Injini isiyopata joto lake inakunywa mafuta na kuchakaa mapema. Tena jiulize kwa nini ilikuwa inachemka mpaka akaitoa.

Sasa gia. Kanyaga breki, toa P weka R, subiri, kisha D. Ikichelewa kushika au ikipiga kishindo, hiyo ni dalili. Ya gia nne unatakiwa uhisi inabadilisha mara tatu bila kuteleza. Ya CVT haibadilishi, inapanda moja kwa moja; ikitetemeka unapoondoka kutoka kusimama, au ikivuma kama mashine ya kusaga, iache. Endesha nusu saa au zaidi, upite foleni, upande kilima, urudi rivasi kwenye kilima hicho. Magonjwa mengi ya gia boksi hujitokeza oili ikishapata moto, na muuzaji anajua, ndiyo maana anataka uzungushe mtaa mmoja tu.

Onyo la mwisho: CVT haiwekwi oili ya gia ya kawaida. Fit GD inataka HMMF, oili ya CVT ya Honda. Toyota ya CVT inataka oili ya CVT ya Toyota. Muulize muuzaji aliweka nini mara ya mwisho na wapi. Akijibu "fundi anajua", wewe hesabu kwamba hajui.

Hatua ya 7. Kilomita. Usisome dashibodi peke yake. Fungua mlango wa dereva, na uangalie pia ndani ya boneti, utakuta stika za Kijapani za kubadilisha oili zenye kilomita na tarehe. Mwaka ukiandikwa H25 ni Heisei 25, yaani mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei kwa kalenda ya Kijapani. Jumlisha 1988, unapata 2013. Kama stika ya 2013 inasema 98,000 na dashibodi leo inasema 76,000, umeshapata jibu.

Hatua ya 8. Kadi halisi, jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari.

Hatua ya 9. Zipange gari mbili au tatu kwenye karatasi moja, na uchague iliyo nzima hata kama si ile uliyokuwa unaiota. Passo iliyotunzwa ni bora kuliko IST iliyochoka.

Kwa ufupi wangu: mtu mmoja au wawili wa mjini, 1.0 inatosha. Familia inayopanda Lushoto au Mbeya ikiwa imejaa, chukua 1.5, usiitese pistoni tatu. Fit ina nafasi ya ndani kuliko zote hapa kwa sababu tenki la mafuta liko chini ya viti vya mbele, siti ya nyuma inakunjwa mpaka unasimamisha friji ndogo. Lakini uwe na fundi anayeijua.

Maswali karibuni.

---

Mdau wa Mbagala: Mkuu somo zuri. Sasa kati ya Vitz na IST nichukue ipi?

Jibu: Rudi hatua ya 1, halafu ya 3.

Mdau wa Mbagala: Nimesoma mkuu, nataka tu uniambie moja.

Jibu: Hujasoma. Hujasema watu wangapi, barabara gani, wala Vitz ipi. Nikikutajia jina sasa hivi nitakuwa nakudanganya.

Dada wa Tabata: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu, natoka Tabata kwenda Kibaha kila siku, wakati mwingine na wanangu wawili. Nimeona KSP90 ikiwa imesimama inatetemeka, usukani unacheza kabisa. Muuzaji anasema ndivyo zilivyo. Ni kweli?

Jibu: Marahaba dada. Kweli nusu. Pistoni tatu hutetemeka kidogo ikiwa sailensa (imewaka bila kukanyaga mafuta), hiyo ni asili yake. Lakini usukani kucheza kabisa mara nyingi ni injini mauntini (raba zinazoshikilia injini) zimekufa, au plagi na koili. Fanya hivi: weka D huku umekanyaga breki, kisha weka N. Ikitulia sana kwenye N, anza na mauntini. Ulizia bei ya mauntini kwa fundi wako na uipunguze kwenye bei ya gari. Kwa safari yako hiyo gari inakufaa kabisa, ila angalia matairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Barabara ile inakimbiza, usiende na mpira uliokauka.

Dada wa Tabata: Asante sana, sikujua la matairi. Na ulaji wa mafuta naupimaje mwenyewe?

Jibu: Swali zuri. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, weka tripu sifuri. Tembea siku zako za kawaida, rudi kituo kile kile, jaza tena mpaka ikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Umetembea 280 na zimeingia 20, ni 14 kwa lita. Fanya mara tatu upate wastani. Takwimu za Japani zinapimwa maabara, foleni ya barabara ya Mandela haimo humo.

Mdau wa Arusha: Unaiponda sana Honda. Fit yangu ina miaka na haijanisumbua.

Jibu: Sijaiponda popote, nimeisifia nafasi. Nimesema oili yake na fundi wake. Wewe ungesema unaweka oili gani ungesaidia wengine.

Mdau wa Arusha: HMMF tu, toka mwanzo. Na niongeze: GD1 ina plagi nane, si nne. Nne za mbele unaziona, nne za nyuma zimejificha huko chini ya waipa. Mafundi wengi wanabadilisha za mbele tu na kukuandikia umelipa seti.

Jibu: Hapo umemwaga elimu mkuu. Wenye GD1 ombeni plagi za zamani mkononi, mzihesabu. Zikiwa nne, kazi haijaisha.

Mdau wa Nairobi: Habari zenu. Huku hatuagizi gari iliyozidi miaka minane, kwa hiyo hizo KSP90 kuagiza haiwezekani. Naangalia Demio ya dizeli, DJ. Wanasema haili mafuta.

Jibu: Karibu sana. Kwa ulaji ni kweli. Ila jiulize unaendesha wapi. Dizeli ile ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na linahitaji safari ndefu ili lijichome na kujisafisha. Kama ni nyumbani na ofisi kilomita tano kila siku, litaziba na masizi yatajaa kwenye njia ya hewa. Mtu wa Nairobi hadi Nakuru kila wiki, sawa. Mtu wa mjini tu, chukua ya petroli.

Mdau wa Nairobi: Nashukuru, ni ya mjini tu. Nachukua petroli. Na karatasi ya mnada wa Japani inasema R, ni kitu gani?

Jibu: R au RA ni gari iliyogongwa ikatengenezwa. Si lazima uikatae. RA mara nyingi ni kazi ndogo. Tazama mchoro wa bodi: XX ni kipande kilichobadilishwa, W ni palipopigwa bodi kukabaki mawimbi, U ni bonde, S ni kutu. Mimi S nyingi chini ya gari ndizo huniogopesha kuliko R.

Mdau wa Mwanza: nipe namba ya dalali mwenye ist kali bei poa

Jibu: Hapana. Hili ni somo.

Mdau wa Tanga: Mkuu, nimeshanunua Passo, ipo safi kwa hatua zako zote. Tatizo redio haishiki stesheni zaidi ya 90. Imeharibika?

Jibu: Hongera. Haijaharibika. FM ya Japani ilianzia 76 na kuishia 90, yetu inakwenda hadi 108. Kuna kifaa kidogo kinachounganishwa kwenye waya wa antena nyuma ya redio kinachoshusha masafa, ingawa baadhi ya stesheni zinapishana namba. Kama unapenda redio kweli, weka redio nyingine yenye bluetooth, na umwambie fundi asikate waya za asili, atumie soketi ya Toyota. Waya zilizokatwa na kuunganishwa vibaya zinaweza kumaliza betri usiku gari ikiwa imezimwa.