Joto la smoka likishuka angalia majivu kwanza, kuni baadaye

Wadau, hii ni kwa wenye smoka ya ofseti, yaani jiko la kuivisha nyama polepole kwa moshi, ile yenye boksi la moto pembeni, pipa la nyama katikati na bomba la moshi upande wa pili. Mi nipo Texas, huku kidari cha ng'ombe wanakiita brisketi, kipande cha kilo 6 kinakaa masaa 10 mpaka 14 kwenye nyuzi 250 za Farenhaiti, kama 120 za selsiasi, na masaa yote hayo moto ni wa kuni tupu kwahiyo majivu yanajaa usipoyaangalia.

Kama umekulia na jiko la mkaa hili unalijua tayari. Majivu yakiziba kule chini kwenye kimlango mkaa unazubaa, pepea unavyopepea hauwaki mpaka uyachokoe. Smoka ni hivohivo, hewa inatakiwa ipite chini ya wavu ipande kwenye makaa, sasa majivu yakigusa wavu makaa yanakosa pumzi.

Dalili zinaanza kama saa la nne au la tano tangu uwashe moto. Ukuni uliokuwa unashika mwali ndani ya nusu dakika sasa unakaa tu unafuka, joto linashuka na halirudi, moshi kwenye bomba unakuwa mweupe mzito. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanatupia kuni nyingine mbili, zinafuka nazo, na ule moshi mzito unaacha uchungu kwenye nyama ambao hautoki tena. Inama kwanza uchungulie chini ya wavu, kama nafasi iliyobaki haizidi vidole vitatu basi toa majivu, usiongeze kitu.

Kutoa kwenyewe kuna wakati wake. Subiri ukuni uishe ubaki makaa mekundu, kabla hujaweka mwingine, mlango wa nyama uwe umefungwa. Tumia chuma kirefu chenye kibapa mwishoni kama kijembe, pitisha chini ya wavu uvute polepole kuja kwako, uchote kwa koleo. Polepole jamani, nasisitiza, maana hewa yote ya boksi inaelekea kwenye nyama, ukikwangua kwa pupa majivu yanapaa yanaenda kutua juu ya mafuta na yakishika hapo hayafutiki. Mi ilishanitokea saa tisa usiku, nilikuwa na haraka ya kurudi kulala, asubuhi ile ngozi nzuri nyeusi ya juu ilikuwa na vumbi la kijivu na ukitafuna unalisikia. Iliniuma sana, nyama ya wageni ile.

Makaa usiyatoe ukabakiza wavu mtupu, yakusanye pamoja halafu weka ukuni mmoja juu yake, mlango wa boksi uache wazi kidogo mpaka mwali ushike. Moshi mzuri ni mwembamba wa bluu, kwa mbali unaweza kudhani haupo.

Kuni nazo zinachangia. Huku tunatumia mwaloni uliokauka vizuri, unene wa kifundo cha mkono, urefu inchi 12 mpaka 16, mmoja kila dakika 30 hadi 45, na unaofuata unaulaza juu ya boksi upate joto ili ukiingia uwake mara moja. Joto likizidi weka ukuni mdogo zaidi, sio kuubania moto hewa, na bomba liache wazi muda wote. Wavu wako ukiwa umekaa chini sana unyanyue ubaki na inchi 4 hivi chini yake, utachokoa mara chache.

Majivu ukishayatoa weka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, sio plastiki, na usiiweke kwenye baraza la mbao wala karibu na ukuta, kaa dogo lililofukiwa humo linaweza kubaki na moto siku kadhaa. Na yale yaliyobaki kwenye boksi yatoe kesho yake likishapoa, yakipigwa na mvua au umande yanakula chuma na boksi linaanza kutoboka kwa chini.