Mambo ya kuzingatia kabla mtoto wako hajakatwa uvimbe wa mishipa ya damu

Kama mtoto wako ana baka jekundu, kivimbe cha buluu ama kinyama laini usichokielewa, soma hapa kabla hujapanda tuktuk kwenda popote.

Kwanza jua kilianza lini. Usiseme "zamani", muulize bibi yake ama shangazi aliyemwogesha alipozaliwa, manake jibu hilo ndilo linalomwonyesha daktari pa kuanzia. Hemanjioma, uvimbe wa vimishipa vya damu wa watoto wachanga, huchomoza wiki za kwanza, inakua mbio miezi kama 5 ya mwanzo halafu inanywea yenyewe polepole kwa miaka, na ikisumbua ina dawa, propranolol, ile ile ya moyo, madaktari wa Bordeaux kule Ufaransa waliripoti mwaka 2008 kuwa inaifanya isinyae. Lakini kuna mishipa iliyoumbika vibaya tangu tumboni, hiyo mtoto anazaliwa nayo hata kama haijaonekana, inakua naye, haiondoki yenyewe na propranolol haiisaidii. Watu wanaziita zote hemanjioma, hata kwenye kadi ya hospitali utakuta imeandikwa hivyo.

Piga picha kwa simu: amelala, analia, ameinama. Hakikisha yuko kwenye SHA yako, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na uliza mapema kipi wanalipa.

Sasa hili lishike vizuri. Usikubali mtu ashike kisu kabla ya kipimo.

Wangu alikuwa na miaka 8, kivimbe kiko mdomo wa chini kwa ndani, rangi ya zambarau iliyoiva, hakiumi. Ustadhi wake wa madrasa ndiye aliyekiona vizuri, akaniambia mama, huyu kijana akisujudu mdomo unajaa, akiinuka unarudi. Nikampeleka kliniki moja, wakatazama kidogo tu wakasema ni uvimbe wa mate, tunautoa hapa hapa kwa ganzi. Nikawaambia habari ya sijida, hakuna aliyemwambia mtoto ainame. Wakakata. Damu haikuruka, ilijaa tu, nyeusi nyeusi, ukifuta inajaa, pamba juu ya pamba, mwisho wakashona harakaharaka wakaniambia mkimbize hospitali kubwa. Nilikuwa na leso begani, niliikunja nikambana nayo mdomo kutoka Kisauni, kufika daraja la Nyali foleni imesimama, mtoto amemeza damu mpaka akanitapikia mapajani, na mimi kidole gumba sikukiachia hata mkono ulipokufa ganzi. Alilazwa siku 2.

Jeraha lilipopona daktari mwengine alifanya kitu cha dakika moja. Alibonyeza kivimbe kikanywea kabisa, akaachia, akamwambia ainame kama anatafuta kiatu chini ya kitanda, kikajaa mbele ya macho yangu. Akasema hii ni ile iliyoumbika vibaya, ya veini, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Ultrasaundi ya Doppler ikaonyesha damu inayotembea polepole, MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ikaonyesha imeingia mpaka ndani ya shavu, yani kile walichokata kilikuwa ncha tu! Kwa hivyo wewe mama mbonyeze mwenyewe taratibu, muinamishe, na ulichokiona ukakiseme, ukipuuzwa sema tena.

Ukiweka mkono ukasikia joto na mdundo, ama mtetemo kama paka anayekoroma, hapo usichezee kabisa. Hiyo ni ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, imeunganika moja kwa moja na veini bila vile vimishipa vidogo vya katikati, damu inapita kwa nguvu, na mtu akifunga ule mshipa mmoja tu unaoilisha inajivutia mengine na inaweza kurudi kubwa zaidi. Hiyo inataka timu, wapitishe mpira mwembamba ndani ya mshipa waizibe kutoka ndani, wakati mwengine ndio ifuate upasuaji.

Ya veini mara nyingi ni skleroterapia, wanachoma dawa ndani huku wanaangalia kwa mashine, ukuta wa mshipa unaungua, unashikana, unasinyaa. Muulize daktari ameshafanya ngapi, anatumia dawa gani, na kama ni ya mdomo ama koo muulize pumzi ya mtoto italindwa vipi. Si mara moja, sisi tumefanya 3 na bado. Na jiandae, siku za mwanzo inavimba kuliko ulivyoipeleka, mimi nililia usiku kucha nikidhani wameharibu, kumbe ndivyo. Ifanyeni likizo, mlazeni kichwa juu.

Halafu chale hapana, kuchoma kwa moto hapana, na hijama ya kuumika ni sunna naiheshimu lakini si juu ya uvimbe huo. Ikiwa ngumu ghafla na inauma huenda damu imeganda ndani, mrudishe, na aspirini usimpe kwa ushauri wa jirani. Kabla ya upasuaji wowote uliza kama wamempima damu inavyoganda. Wasichana waangalieni zaidi wakibalehe na baadaye wakishika mimba, huwa inakua. Mswaki uwe laini, mwalimu wa shule aambiwe, mpira acheze ila watu wajue pa kubana akigongwa, na sidii ya MRI ichukue yenyewe sio ripoti peke yake, uweke na nakala mahali pengine.