Kuchapa vitambulisho vya wanachuo: anza na orodha, printa baadaye

Kitambulisho kikitoka na jina la huyu na sura ya yule, usiilaumu printa. Kosa lilishaanzia kwenye orodha, ndiyo maana kazi hii naigawa hivi.

Hatua ya 1: Safisha orodha
Chukua orodha ya ofisi ya udahili, si karatasi iliyozungushwa darasani. Kabla ya kubandika chochote kwenye Excel, ipe safu ya namba za usajili umbizo la Text. Usipofanya hivyo, sifuri za mwanzo zitaliwa: 00457 itabaki 457. Majina yafuate cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Picha
Faili la picha libebe namba ya usajili, kwa sababu majina hufanana. Ila namba nyingi za vyuo vyetu zina mkwaju, mfano BIT/2024/0153, na Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili. Kama namba ziko safu A, andika hivi kwenye safu mpya, kisha buruta hadi chini:

=SUBSTITUTE(A2,"/","-")&".jpg"

Utapata BIT-2024-0153.jpg, na picha uzipe majina hayohayo.

Upigaji wenyewe usiufanye kwa haraka. Mwanachuo atazame dirisha au mlango ulio wazi, asimame mbali kidogo na ukuta ili kivuli kisiangukie nyuma yake. Ukuta mweupe huidanganya kamera: inapunguza mwanga, na uso mweusi unatoka giza tupu. Ongeza mwanga hadi macho yaonekane vizuri. Sura hiyo ataibeba miaka mitatu au minne, tumtendee haki.

Hatua ya 3: Sanifu kadi
Kadi ya kawaida ni milimita 85.6 kwa 54. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), tengeneza ukurasa wa pikseli 1011 kwa 638. Unganisha orodha na picha kwenye programu ya kadi, kisha ujaribu kwanza na jina refu kuliko yote. Likienea hilo, mengine yataenea.

Kama utepe wa rangi wa printa yako ni YMCKO (sehemu tatu za rangi Y, M na C, sehemu nyeusi K, na tabaka la kinga O), maandishi na msimbopau vipe weusi halisi (RGB 0, 0, 0) ili printa itumie sehemu ya K. Weusi wa kuchanganya rangi tatu hutia ukungu kwenye kingo, na zipo skana zisizousoma kabisa.

Hatua ya 4: Chapa
Chapa kadi chache, zilinganishe na orodha, ndipo uachie zote. Zima feni. Chembe moja ya vumbi huacha doa jeupe, mara nyingi shavuni kwa mtu. Kadi tupu shika kwa kingo, na kila ukibadili utepe pitisha kadi ya kusafishia.

Hatua ya 5: Utepe uliotumika na ugawaji
Ukunjue utepe uliokwisha uuangalie kwenye mwanga: majina na namba vinasomeka, sura zinaonekana. Hizo ni taarifa za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukatekate kabla ya kuutupa.

Wakati wa kugawa, mwanachuo asome jina na namba yake mbele yako kabla hajasaini daftari. Yenye kosa ibaki kwako, uitoboe, umchapie nyingine.