Namna ya kuzuru Msikiti wa Gazi Husrev-beg, Sarajevo

Wageni wengi wakifika Baščaršija, mji mkongwe wa Sarajevo huko Bosnia, huingia msikitini mbio, hupiga picha ya kuba, kisha hao wanatoka. Mimi nikipeleka watu, ndani huwa karibu na mwisho. Kuna mambo ya nje yanayotakiwa kuonwa kwanza.

1. Soma saa kabla ya kuvuka lango

Kando ya msikiti umesimama mnara wa saa, kimo chake kama mita 30. Watalii huitazama saa yake, wakalinganisha na simu zao, wakadhani imeharibika. Wewe uliyekulia saa za Kiswahili utaielewa mara moja: jua likizama ni saa 12. Mshale mfupi ukiwa kwenye 11 kabla ya machweo, imebaki saa moja Magharibi iingie.

Kwetu pwani jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Sarajevo si hivyo. Mwezi wa Juni huzama kama saa 2 na nusu usiku, na Desemba kama saa 10 na dakika 10 jioni. Kwa hiyo saa hii lazima irekebishwe kwa mkono kila mara, na hiyo ndiyo kazi ya muvekit, mtunza nyakati. Chumba walichokuwa wakipigia hesabu za nyakati kilijengwa uani mwaka 1859, na mitambo ya saa ililetwa kutoka London mwaka 1875. Usiitumie kukisia macheo, maana hesabu yake huanzia machweo tu.

2. Chagua wakati

Watalii huruhusiwa kati ya swala na swala, kwa tiketi inayolipwa kwa marki za Bosnia. Anayekwenda kuswali halipi. Aingie pamoja na waumini wengine wanaoswali. Ijumaa adhuhuri watu hufurika hadi uani, basi kama huendi kuswali, nenda siku nyingine. Ramadhani ratiba hubadilika, uliza mlangoni.

3. Mavazi

Mabega na magoti yafunikwe. Mama au dada avae ushungi au mtandio wake mwenyewe. Mlangoni huwa wanaazimisha, lakini cha kwako ni kisafi zaidi. Chukua soksi: wakati wa baridi mawe ya kibarazani yanauma.

4. Kaa uani kwanza

Hapa usiharakishe. Katikati kuna šadrvan, birika la maji lenye paa la mbao. Tawadha hapo hata kama umekwisha kutawadha hotelini. Maji ya milimani yanaamsha.

Kisha sogea kwenye makuba mawili ya makaburi. Kubwa ni la Gazi Husrev-beg mwenyewe, liwali wa Bosnia enzi za Waturuki na mjukuu wa Sultani Bayezid II kwa upande wa mama. Alifariki 1541. Dogo ni la Murat-beg Tardić, mtu wake wa karibu. Wenyeji husimama dirishani, huinua mikono, husoma Fatiha na kwenda zao. Nawe fanya hivyo ukipenda, ila usiegemee madirisha wala usipige picha watu walio katika dua.

5. Ingia ndani

Viatu vivuliwe kabla ya kukanyaga zulia la kibarazani, si mlangoni. Hapo ndipo wageni hukosea.

Ukiwa ndani, tembea hadi chini ya kuba kubwa, upana wake kama mita 13, halafu tazama mbele: juu ya mihirabu kuna nusu kuba, na kila ubavu kuna chumba chenye kuba lake. Anayetajwa kuwa msanifu ni Acem Esir Ali, Mwajemi wa Tabriz, aliyekuwa msanifu mkuu wa Istanbul kabla ya Sinan, msanifu mashuhuri wa Waturuki. Mapambo ya kutani, kwa upande mwingine, ni ya juzijuzi. Msikiti ulipigwa mizinga mji ulipozingirwa vitani, 1992 hadi 1996, na matengenezo ya mwanzo yaliacha kuta nyeupe tupu, jambo lililowaudhi wengi. Baadaye ndipo mwandishi wa khati Hazim Numanagić alipofanya kazi ya kuzipamba upya. Mimi naona ilifaa.

6. Ukiswali swala ya jamaa

Wabosnia ni Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa. Sisi Mashafii tumezoea kuitikia "amin" kwa sauti. Pale husemwa kimoyomoyo, na sauti yako itasikika peke yake. Alfajiri usingoje dua ya kunuti.

7. Toka, vuka barabara

Mkabala na lango ipo madrasa ya Kuršumlija ya 1537, yenye paa la risasi na ua mdogo. Dakika chache zinaitosha. Kinachofaa zaidi ni kuuona wakfu wa Gazi Husrev-beg ukifanya kazi: kodi za maduka ya bezistan, soko la mawe lililoezekwa karibu na hapo, ziliwekwa kwa ajili ya msikiti na madrasa. Morića Han, nyumba ya wageni ya wasafiri wa misafara, nayo ni ya wakfu huohuo. Kaa uani mwake uagize kahawa. Huletwa na sukari ya vipande pembeni: chovya kipande, kimung'unye, ndipo unywe, na masimbi uyaache chini.