Somo: Kutangaza kazi zako za mikono mitandaoni

Habari zenu wanachama. Somo la leo ni la mtu anayefuma, anayetunga shanga, anayeshona ngozi au kumimina mishumaa, simu anayo, ila fungu la matangazo hana. Twende moja kwa moja.

Hatua ya 1: Chagua pa kukaa

Usifungue akaunti kila mahali. Miwili inatosha: mtandao mmoja wa kuonekana na mmoja wa kuuzia. Instagram na Facebook zinafaa kwa picha, TikTok ni ya video. Pinterest wengi wanaidharau, lakini watu huingia kule kutafuta vitu, kwa hiyo picha ya leo inaweza kukuletea mteja baada ya miezi.

Kuuzia, mimi nasema WhatsApp Business. Ipo tangu 2018, ni ya bure, na ina katalogi (orodha ya bidhaa zako na picha), majibu ya haraka unayoyaandika mapema, na lebo za kutenganisha aliyeulizia tu na aliyekwisha kulipa. Jambo moja wengi hawalijui: ukituma ujumbe kwa orodha ya matangazo (broadcast, ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo), unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Mtu akinunua, mwombe aihifadhi siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Wasifu

Instagram inakupa herufi 150 tu. Usizimalizie kwenye "ubora ndio jadi yetu". Taja unachotengeneza, unakopeleka mzigo na namna ya kuagiza. Pale pa jina ongeza neno la bidhaa yenyewe, mfano "mikoba ya kufuma", maana jina nalo linatafutika.

Hatua ya 3: Picha

Hapa ndipo biashara nyingi za mikono zinapofia. Kazi ni nzuri, picha inaiangusha.

Kwanza futa kioo cha kamera. Simu inashinda mkononi na mfukoni, ina mafuta ya vidole, halafu tunalaumu kamera. Sogea karibu na dirisha, zima taa ya ndani na mwanga wa kamera (flash). Taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana, uzi mweupe unatoka kama umefubaa, na shanga za bluu zinaweza kuonekana zambarau. Mteja akipokea rangi nyingine atakurudishia mzigo, na atakuwa na haki.

Kwa kila bidhaa piga hivi: nzima kwa mbele, karibu kabisa, vitanzi vya uzi vihesabike, ikiwa mkononi au begani ili ukubwa ujulikane, kisha ndani na nyuma. Ndani ya mkoba ndiko mnunuzi mzoefu anakoangalia: bitana imeshonwaje, zipu imekaa sawa, ncha za uzi zimefichwa au zinaning'inia. Usiogope kupaonyesha. Picha iwe ya kusimama, uwiano wa 4:5 (upana 4 kwa urefu 5), inashika nafasi kubwa kwenye kioo cha simu kuliko ya mraba.

Hatua ya 4: Onyesha mikono ikifanya kazi

Bidhaa ya kiwandani haina cha kuonyesha hapa, wewe unacho. Egemeza simu kwenye kitu kigumu, wima, uwiano wa 9:16, kisha fanya kazi yako kama kawaida. Usianze na salamu. Anza na kile kinachomfanya mtu asimamishe kidole: ngozi inapopakwa mafuta na rangi kuzama, mshumaa unapotoka kwenye kalibu. Mwanzo wa kazi utafuata baadaye.

Kuhusu muziki, akaunti ya biashara haina ruhusa ya kutumia nyimbo nyingi zinazovuma, na video inaweza kunyamazishwa. Tumia sauti zilizoruhusiwa kwa biashara, au acha mkasi na nyundo visikike. Binafsi napenda hii ya pili.

Hatua ya 5: Andika bei

"Bei njoo inbox." Jamani, tuache. Wanunuzi wengi hawaji inbox, wanapita. Kama bei inategemea ukubwa, andika inapoanzia, kisha taja vipimo, malighafi na siku za kusubiri. Anayeona ni ghali ataondoka mapema bila kukupotezea muda, na anayebaki anakuja akiwa amekwisha kukubali nusu ya mazungumzo.

Hatua ya 6: Ratiba

Tenga siku moja ya kupiga picha na video za wiki nzima. Maoni yajibu siku hiyohiyo. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, wafuasi ninao wengi na laiki napata, ila wanunuzi hakuna. Tatizo nini?

Jibu: Fungua orodha ya wanaokupa laiki uwaangalie ni akina nani. Mara nyingi utakuta ni mafundi wenzako, kwa sababu unaposti mambo ya kuwafurahisha mafundi: aina za uzi, namba za sindano. Wapende, lakini hawatanunua wanachoweza kutengeneza. Ongeza machapisho ya bidhaa ikitumika, na ya kuonyesha ni zawadi ya kumpa nani. Na kama kuna wafuasi ulionunua, hao hawahesabiki kabisa.

Swali: Kuna mtu anachukua picha zangu anauzia watu kama zake. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, dada. Hifadhi ushahidi kwanza, kisha ripoti kwa njia ya hakimiliki ndani ya mtandao husika. Picha asili zisifute kwenye simu, ndizo zitakazokutetea. Kuanzia sasa weka jina lako kwenye picha, juu ya bidhaa yenyewe. Likiwa pembeni anakata tu.

Swali: Nilipie tangazo au nisubiri?

Jibu: Subiri mpaka upate chapisho lililoleta maulizo lenyewe bila kulipiwa. Hilo ndilo la kulipia, kiasi kidogo, siku chache, na lengo liwe kupata ujumbe wa wateja badala ya laiki. Chagua maeneo unayoweza kufikisha mzigo tu.

Swali: Mtu anaagiza kwa rangi na jina lake, nikimaliza hapokei simu.

Jibu: Kazi yenye jina la mtu huwezi kumuuzia mwingine, kaka. Usikate hata uzi kabla ya malipo ya awali, na yasipungue gharama ya malighafi. Liweke sharti hilo kwenye majibu ya haraka ili usione aibu kulisema kila mara.

Swali: Nimetumiwa ujumbe kwamba ukurasa wangu utafungwa nisipobonyeza kiungo. Ni kweli?

Jibu: Usibonyeze! Hao ni wezi wa akaunti. Ingia kwenye programu yenyewe uangalie kama kuna onyo lolote. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili (namba ya siri ya ziada wakati wa kuingia) leo hii, kwenye ukurasa na kwenye WhatsApp, na namba ya siri usimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wa mtandao.